Kijana mwenye kansa naye ana neno: namna ya kujisemea mbele ya munganga, nyumbani na masomoni

Uwanja wa ndege wa Bangboka uko karibu kilometa 17 mashariki ya mji wa Kisangani. Kila juma watu wanapita pale na mizigo yao: wachuuzi, wanafunzi, wakubwa wa serikali. Mara moja moja kati yao kuko mgonjwa anayeshikwa mkono, na mtu wa jamaa amebeba bahasha kubwa ya karatasi za hopitali. Anaenda Kinshasa, juu hapa kwetu Tshopo hakuna mashine ya radioterapia, na matunzo mengi ya kansa ya watoto na vijana hayapatikani karibu.

Tuweke mfano. Mgonjwa ni kijana wa miaka 15, goti limevimba. Mama anajua wanaenda kutafuta nini. Noko aliyelipa tikiti anajua. Munganga aliyeandika karatasi anajua. Kijana mwenyewe ameambiwa tu: "Tunaenda kuangalia mguu, utarudia haraka." Kufika kule, nywele zinaanguka, anatapika, anasikia manesi wanataja jina la ugonjwa ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyemtajia. Siku uvimbe unapunguka kidogo, anasema yeye amepona, warudi nyumbani. Na wakubwa, ambao feza zimeanza kuisha, wanakubali.

Huyu kijana hatumtaji jina kwa sababu ni mfano tu. Lakini safari ya namna hii jamaa nyingi za Kisangani, Bafwasende, Isangi ao Bunia zinaifahamu. Ndani ya makala hii tunaeleza kitu kimoja: kijana anayejua ugonjwa wake kwa jina, na anayeruhusiwa kuuliza na kusema, anajilinda. Kujisemea si kiburi. Ni sehemu ya matunzo, sawa vile dawa.

Kujisemea ni nini?

Kwa maneno mepesi, kujisemea ni mgonjwa mwenyewe kusema anavyosikia mwilini, kuuliza asichofahamu, na kutoa wazo lake mbele ya watu kukata shauri juu yake. Haimaanishi kijana anafukuza wazazi na kuamua peke yake. Kwa mtu ambaye hajafikisha miaka 18, mzazi ao mlezi njo anaweka sahihi kwenyi karatasi. Lakini sahihi ya mzazi haiondoi masikio na kinywa cha mtoto.

Umri huu wa kati ni mgumu. Kijana wa miaka 13 mpaka 19 si mtoto mdogo wa kudanganywa na biskuti, na bado hajakuwa mkubwa wa kujilipia hopitali. Anawekwa chumba kimoja na watoto wa miaka 4, ao anawekwa na wazee. Watu wanaongea juu ya kichwa chake, na yeye anasikia yote.

Kansa gani zinagusa watoto na vijana wa kwetu?

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000 wa miaka 0 mpaka 19 wanapatwa na kansa ulimwenguni. Kansa yao si sawa na ya wazee. Mara nyingi haitoki kwa tumbako, pombe ao chakula. Haiambukizi: kulala kitanda kimoja na mgonjwa, kula naye sahani moja, hakukupatishi kitu. Mzazi hakufanya kosa, na mtoto pia hakufanya kosa.

Zile zinazoonekana sana ni hizi:

– Lekemia, kansa ya damu. Damu inapunguka, homa inarudi-rudi, ufizi na pua vinatoka damu.

– Limfoma, kansa ya matezi. Kuko limfoma ya Hodgkin, inayoshika sana vijana, na kuko limfoma ya Burkitt, ambayo inaonekana sana kwenyi inchi zetu zenyi joto na malaria.

– Kansa ya mifupa, sana sana karibu na goti, wakati kijana anakomaa kwa haraka.

– Kansa ya jicho na kansa ya figo, ambazo zinashika zaidi watoto wadogo.

– Uvimbe wa ubongo.

Dalili ambazo hazipaswe kungojewa: homa ya zaidi ya majuma mawili ambayo dawa ya malaria na ya tifoide haiishinde, uvimbe kwenyi shingo, taya, tumbo ao makwapa, maumivu ya mfupa yanayoamsha mtu usiku, kukonda bila sababu, madoa ya damu chini ya ngozi, kichwa kuuma na kutapika asubuhi, ao kitu cheupe kinachong'aa ndani ya jicho la mtoto.

Kwetu dalili hizi zinapotea kwa urahisi kati ya magonjwa mengine. Homa inaitwa malaria. Maumivu ya mifupa yanaitwa anemi SS. Uvimbe wa taya unaitwa jino. Na kweli, mara nyingi ni malaria, ni SS, ni jino. Lakini kijana ambaye ameshatibiwa mara tatu na hapati nafuu, yeye mwenyewe anajua kwamba kuna kitu kingine. Neno lake "Dokta, hii si homa ya kila siku" linaweza kuwa habari ya maana kuliko nyingine zote siku ile.

Burkitt: historia iliyoanzia kwa majirani wetu

Kansa ya Burkitt ilipata jina kwa Denis Burkitt, munganga wa kupasua aliyetoka Ireland na kufanya kazi Mulago, hopitali kubwa ya Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Akaanza kutafuta wengine, na mwaka 1958 akaandika juu ya ugonjwa ule. Mwaka 1961 alizunguka na wenzake wawili kwa gari, majuma kumi, inchi kwa inchi kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, akiuliza kila hopitali kama wanaona uvimbe wa namna hii. Aliona kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo ya malaria.

Mwaka 1964, kwenyi vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Uganda mpaka London, Anthony Epstein na wenzake waligundua virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Mwaka 1967 Kampala ilipata kituo chake cha kansa, kilichoanza kwa kutunza watoto wa Burkitt na kutumia dawa za kemoterapia. Kwa hiyo, mtu akikuambia kansa ya watoto ni ugonjwa wa Wazungu ao kwamba haina dawa kwa Waafrika, mwambie kwamba moja ya mafundisho makubwa ya dunia juu ya kutibu kansa kwa dawa yalitoka hapa karibu, upande wa pili wa Ituri.

Kuko jambo moja zaidi la kujua juu ya Burkitt. Ni kati ya uvimbe unaokua haraka kuliko yote kwa mwanadamu: unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Kwa mto, Kisangani mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,700, na chombo kinaweza kuchukua majuma. Ndiyo maana ndege ya Bangboka ina maana. Na ndiyo maana kila siku ya kuficha, ya kungoja, ya "tutaona juma lijalo", inahesabiwa. Lakini upande mzuri ni huu: uvimbe unaokua haraka, mara nyingi unasikia dawa haraka pia.

Kupona kunawezekana, kama matunzo hayakukatwa

Kwenyi inchi tajiri, watoto zaidi ya 80 juu ya 100 wenyi kansa wanapona. Kwenyi inchi nyingi maskini, OMS inasema ni chini ya 30 juu ya 100. Mwaka 2018 OMS ilianzisha mpango wa dunia nzima wenyi kusudi la kufikisha angalau 60 juu ya 100 mwaka 2030.

Tofauti ile inatoka wapi? OMS inataja ugonjwa kuonekana kwa kuchelewa ao kutojulikana kabisa, dawa na mashine kukosa, wagonjwa kufa kwa madhara ya dawa, ugonjwa kurudi, na pia kuacha matunzo katikati ya njia. Hii ya mwisho inagusa moja kwa moja neno letu la leo.

Jamaa zinaacha kwa sababu ya feza, na hilo tusilifiche. Tikiti, nyumba ya kulala, chakula, dawa, damu: vyote vinalipwa. Lakini kuko pia sababu zisizo za feza. Uvimbe ulipungua, wakafikiri imeisha. Mtoto alikataa sindano, hakuna aliyemueleza. Mchungaji ao mganga wa kienyeji aliahidi kitu. Kijana aliona mwenzake wa kitanda cha pembeni amekufa, akaogopa, na hakuna mtu aliyeongea naye.

Kijana anayejua kwamba matunzo yake ni ya miezi fulani, kwamba nafuu ya mwezi wa kwanza si kupona, na kwamba nywele zitaota tena, anakuwa mtu wa kwanza kusema nyumbani: "Bado hatujamaliza. Tarehe yangu ya kurudi ni hii."

Mbona tunawanyamazisha?

Tunafanya hivyo kwa upendo. Mzazi anafikiri: nikimtajia kansa, atakufa roho mbele ya mwili. Lakini kijana wa leo ana simu, ana rafiki wenyi simu, anasoma kilichoandikwa juu ya mlango wa hopitali. Akigundua peke yake, anapata mambo mawili kwa siku moja: ugonjwa, na kujua kwamba watu wake walimdanganya. Toka pale, hata ukimwambia ukweli hatasadiki.

Sababu ya pili ni heshima. Kwetu mtoto hauliziulizi wakubwa, na munganga mwenye blauzi nyeupe ni mkubwa wa wakubwa. Lakini kuuliza kwa heshima kunawezekana. "Dokta, unisamehe, niko na ulizo moja" ni sentensi isiyoharibu adabu ya mtu.

Sababu ya tatu ni nzito zaidi: uchawi. Ugonjwa usiofahamika unatafutiwa mtu. Wengine wanasema mtoto amelogwa, wengine wanasema yeye mwenyewe njo ndoki, njo maana anamaliza feza za jamaa. Sheria ya inchi iko wazi hapa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inafanya kumshitaki mtoto uchawi kuwa kosa la kupeleka mtu gerezani. Kijana mwenye kansa anayefukuzwa nyumbani kwa neno kama hilo ana haki ya kulindwa, na jirani anayejua ana kazi ya kusema.

Sheria inasema nini juu ya sauti ya mtoto?

Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto yalikubaliwa mwaka 1989, na Kongo iliyapokea mwaka 1990. Kifungu cha 12 kinasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na wazo lake ana haki ya kulitoa juu ya mambo yote yanayomhusu, na wazo lile lipewe uzito kufuatana na umri na ukomavu wake. Sheria yetu ya 2009 nayo inamtambua mtoto, yaani kila mtu wa chini ya miaka 18, kuwa mwenye haki ya kusema wazo lake. Kukatwa mguu, kuingizwa dawa, kusafirishwa mbali na nyumbani: kama haya si mambo yanayomhusu, basi hakuna linalomhusu.

Kwa wenzetu wanafanyaje?

Uganda, shirika Uganda Child Cancer Foundation lina kati ya waanzilishi wake Moses Echodu, mtu aliyepona kansa ya utotoni. Linafika mpaka masomoni kufundisha wanafunzi juu ya kansa ya watoto. Angalia nguvu yake: mwanafunzi anayerudi na kichwa kisicho na nywele anakuta wenzake wameshaelezwa.

Tanzania, kwenyi hopitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, shirika Tumaini la Maisha linasaidia watoto wenyi kansa watunzwe bila kulipa, na kuko masomo pale pale karibu na vitanda. Mtoto anayesoma hopitalini anabaki mwanafunzi, hageuki kuwa mgonjwa tu.

Kwetu Kongo, waganga wa Kinshasa na Lubumbashi wanaotunza kansa ya watoto wanafanya kazi pamoja na kikundi cha waganga wa Ufaransa na Afrika, GFAOP, kilichoanza mwaka 2000.

Mbali zaidi, Kanada, kuko historia ya Terry Fox. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kuume juu ya kansa ya mfupa. Alichoona hopitalini, watoto na vijana wenzake wakiteseka, hakikumwacha. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka inchi yake na mguu mmoja wa bandia, akikusanya feza za utafiti wa kansa. Alikimbia siku 143, kilometa 5,373, mpaka kansa ilipofika kwenyi mapafu na kumsimamisha. Alikufa tarehe 28 Juni 1981, hajafikisha miaka 23. Mpaka leo watu wa inchi nyingi wanakimbia kila mwaka kwa jina lake. Hatusemi kila kijana mgonjwa akimbie. Tunasema kijana mgonjwa anaweza kuona jambo ambalo wakubwa wote wamelizoea.

Kujisemea kwenyi kitanda: mambo manne yanayookoa

Hapa tunashuka kwenyi mambo ya kila siku. Kuna nafasi ambapo kinywa cha mgonjwa kinatangulia mashine.

Kwanza, sindano ya kemoterapia. Dawa zingine za kansa zikitoka nje ya mshipa zinaunguza nyama ya mkono. Wa kwanza kujua ni mgonjwa: anasikia moto. Kijana aambiwe mbele: ukisikia inaunguza ao mkono unavimba, usivumilie, ita nesi pale pale. Huyu anayevumilia kimya kwa heshima anaweza kupata kidonda cha miezi.

Pili, homa. Wakati wa kemoterapia askari wa mwili wanapungua. Homa ya digri 38 na zaidi si jambo la kungojea asubuhi. Ni kwenda hopitali saa ile ile, hata usiku. Usimeze tu parasetamoli na kunyamaza kwa kuogopa kusumbua watu ao kulipisha tena.

Tatu, dawa za pembeni. Majani, mizizi, dawa ya duka la karibu, na zaidi kuingizwa dawa kwa nyuma na mpira, sawa vile wengi wanavyofanya kwetu kwa watoto wenyi homa. Kwa mtu ambaye damu yake imedhoofika, kuingizwa vile kunaweza kuleta maambukizo makali. Kijana aambie munganga kila kitu alichopewa nyumbani, bila kuogopa kwamba anasaliti mama mkubwa.

Nne, maumivu. Maumivu yana dawa, mpaka morfini kwa yale makali. Manesi wanaweza kuuliza: kutoka 0 mpaka 10, maumivu ni ngapi? Sema namba ya kweli. Kujifanya mwanaume ao kujifanya mtoto mwema hakumponyeshi mtu.

Maulizo ya kuandika kwenyi daftari

Chukua daftari la masomo la kawaida. Upande mmoja andika tarehe, jina la dawa, namna ulivyosikia. Upande wa pili andika maulizo haya, uyapeleke kwa munganga. Kama unaona haya kuyasema, mpe daftari ayasome.

– Ugonjwa wangu unaitwa namna gani? Uandike hapa.
– Umefika wapi mwilini?
– Walichukua kipande cha nyama kukiangalia laboratwari? Majibu yamesema nini?
– Matunzo yatachukua muda gani, na yamegawanyika namna gani?
– Dawa hizi zitanifanya nini leo, juma lijalo, na miaka ijayo?
– Je, nitaweza kuzaa watoto?
– Kama mnataka kunikata ao kunipasua, kuko njia nyingine? Nyuma yake nitatembea namna gani?
– Nikipata homa usiku, niende wapi, nimwite nani?
– Ni nini kinalipwa, na kuko wapi msaada?
– Nani anaweza kuongea na mimi nikiogopa?

Ulizo la kuzaa, la hedhi, la mwili unaobadilika, kijana wengi hawaliulizi mbele ya papa ao noko. Mzazi mwenye hekima anatoka dakika tano, anamwacha binti na nesi mwanamke, kijana mwanaume na munganga. Kutoka nje dakika tano si kupoteza mtoto.

Mbele ya kupanda ndege Bangboka

Kama jamaa imekata shauri la safari, kaeni pamoja siku moja mbele, na kijana awe ndani ya mazungumzo. Aelezwe vitu vitano: anaenda mji gani na hopitali gani, kwa ugonjwa gani, atakaa karibu muda gani, nani atakaa naye, na nani atabaki na wadogo zake. Awe na nakala ya karatasi zake ndani ya mfuko wake mwenyewe, pamoja na namba za simu za watu watatu. Bahasha inaweza kupotea, mkubwa anaweza kugonjwa njiani. Kijana anayejua jina la ugonjwa wake na dawa alizopata anaweza kueleza munganga mpya hata kama karatasi zimebaki.

Na tiketi ya kurudi isiwe ahadi ya uongo. Usimwambie "juma moja" wakati unajua ni miezi sita.

Masomo: usifute jina lake

Kijana wa mwaka wa mwisho anayekosa Examen d'État juu ya matunzo anaumia mara mbili. Mzazi aende kwa prefe na karatasi ya hopitali, waone pamoja namna ya kufuata masomo na kurudi bila kuadhibiwa kwa kukosa. Mwalimu mmoja akituma maandiko kwa simu kila juma, tayari amefanya kazi ya munganga. Siku ya kurudi, aulizwe kijana: unataka wenzako waelezwe, ao unataka kusema mwenyewe, ao hutaki mtu ajue? Majibu yote matatu ni mazuri.

Neno kwetu sisi watu wa redio

Hapa tujisemee makosa. Mara nyingi mtoto mgonjwa anapoletwa kwenyi mikro ao picha yake inapotumwa kwenyi simu, ni kwa kutafuta feza. Nia ni nzuri. Lakini nani alimuuliza? Kijana wa miaka 16 mwenye uvimbe wa taya atapona, atarudi kwenyi barabara yake, na picha ile itaendelea kuzunguka. Kujisemea ni pamoja na haki ya kusema: "Hapana, picha yangu musiweke." Sauti bila jina inatosha. Barua iliyosomwa na mtangazaji inatosha. Na kimya pia ni jibu.

Tarehe 15 Februari ya kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kansa ya watoto, na Septemba ni mwezi wake. Siku hizo tusilete tu wakubwa studioni. Tulete swali moja nyumbani kwetu pia, kwa kijana anayelala chumba cha pili na bahasha ya hopitali chini ya kitanda: "Wewe unafahamu nini juu ya ugonjwa wako, na ungependa kujua nini?"

Kisha mzazi akae, na asikilize mpaka mwisho.